UZI: Kununua nyumba kwa kumlipa mwenye nyumba kidogo kidogo. Funguo unapewa leo, hati je?

#1 Mlipa Awamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu ndani nasoma watu wakipongezana kwa kupata nyumba "bila benki". Mwenye nyumba anakubali utoe kianzio, uhamie, salio umlipe yeye mwenyewe mwezi kwa mwezi mpaka liishe. Mimi nilinunua hivyo. Nililipa miaka minne na miezi miwili bila kuruka hata mwezi mmoja, na leo nyumba sina. Nitaandika kirefu, mnivumilie, kwa sababu kila kilichoniangusha kilikuwa kinaweza kuonekana kabla sijasaini.

Kisa chenyewe ni hiki. Muuzaji alikuwa mtu wa maneno mazuri na sidhani alipanga kuniibia tangu mwanzo. Tuliandikiana mkataba wa kurasa mbili. Nikatoa robo ya bei. Mkataba ulisema hati itabaki kwa muuzaji "mpaka malipo yatakapokamilika", nami nikaona ni haki, maana na yeye lazima awe na kitu cha kushikilia. Swali ambalo sikuuliza ni hati yenyewe ilikuwa wapi siku ile. Ilikuwa benki. Alishakopa kwa rehani ya nyumba hiyohiyo kabla hatujafahamiana, na fedha zangu za kila mwezi ndizo zilizokuwa zikilipa mkopo huo. Mambo yake yalipoyumba aliendelea kupokea zangu, akaacha kupeleka benki. Jioni moja narudi kazini, nakuta tangazo la mnada limebandikwa getini.

Nilikwenda benki na risiti zangu zote 50. Ofisa akanisikiliza mpaka mwisho, kwa upole, kisha akasema, "Sisi hatukujui." Na kisheria alikuwa sahihi. Rehani yao ilisajiliwa, mkataba wangu haukusajiliwa popote. Nyumba ikauzwa. Nikamshtaki muuzaji, nikashinda, hukumu ninayo kwenye faili mpaka leo. Mdaiwa hana mali ya kukamata.

Miaka ya kesi ile ndiyo iliyonifundisha. Ninachotaka kila anayefikiria njia hii akielewe ni kile kipindi cha katikati. Kwa ununuzi wa kawaida, kulipa na kuhamisha hati ni mambo yanayofuatana kwa siku au wiki. Kwa awamu yanatenganishwa na miaka mitano, kumi, hata ishirini. Miaka yote hiyo, ukifungua daftari la msajili, mwenye nyumba ni muuzaji. Kwa hiyo linalompata yeye linaipata nyumba. Akifa, inaingia kwenye mirathi. Akiachana na mwenzi wake, inaingia kwenye mgawanyo. Akifilisika, wadai wake wanaitazama. Akishindwa kesi na mtu usiyemjua, hukumu inaweza kuangukia paa lako. Umeyaoa matatizo yake yote bila hata kutajiwa majina yake.

Halafu wengi huita vitu vitatu kwa jina moja. Kuna mpango ambao hati inahamia kwako siku ileile, kisha wewe unaiweka nyumba rehani kwa muuzaji mpaka umalize deni. Hapo wewe ni mmiliki mwenye deni. Kuna mpango ambao hati inabaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho; huo ndio wangu. Na kuna kupanga huku ukiwa na haki ya kununua baadaye, ambapo mbele ya sheria wewe ni mpangaji mpaka siku utakapoitumia haki hiyo. Tangazo likiandikwa "lipa polepole, mmiliki ni wewe", ujue bado hujaambiwa ni lipi kati ya hayo matatu.

Mpango wa pili ndio wenye historia chungu. Chicago, miaka ya 1950 na 1960, familia za Wamarekani weusi zilinyimwa mikopo ya kawaida kwa sababu mitaa yao iliwekewa alama kwamba haifai kudhaminiwa. Madalali wakanunua nyumba kwa bei ndogo na kuwauzia kwa awamu, kwa bei iliyopandishwa mno. Hati inabaki kwa dalali. Ukikosa malipo mara moja tu unaweza kutolewa nje, fedha zako zote zimekwenda, na nyumba anauziwa mwingine kwa mtindo uleule. Mwaka 1968 wanunuzi wa mtaa wa Lawndale waliunda umoja wao, wakagoma kulipa mpaka mikataba ijadiliwe upya. Nilipoisoma habari hiyo nilikiona kifungu changu mimi, neno kwa neno karibu: "mnunuzi akichelewa, mkataba utakoma, na kilicholipwa kitahesabiwa kuwa kodi ya pango."

Naomba wenye ujuzi waongeze, na wenye maswali waulize. Nitajibu ninayoyajua.

#2 Hawa M.

Pole sana kaka. Nimesoma nikitetemeka. Mimi natakiwa kusaini Ijumaa. Mpango wangu ni kama wako, hati inabaki kwa muuzaji. Yeye ni mama mtu mzima, mcha Mungu, na ameniambia hana deni lolote. Je, hilo halitoshi?

#3 Mlipa Awamu

Dada Hawa, asante. Halitoshi. Sisemi mama huyo ni mwongo. Wa kwangu naye aliniambia "nyumba ni safi", na nadhani moyoni mwake aliamini, kwa kuwa mkopo alikuwa akiulipa. Nenda kwa msajili wa hati, lipa ada ya upekuzi, upate majibu ya maandishi: mmiliki ni nani, kuna rehani, kuna zuio, kuna amri ya mahakama. Kisha rudia upekuzi huohuo asubuhi ya siku ya kusaini, kwa sababu rehani inaweza kuingizwa katikati ya wiki. Mimi upekuzi sikuufanya hata mara moja. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko fedha niliyompa fundi wa kubadilisha vitasa.

#4 Wakili Msomaji

Mwanzisha uzi, pole, na hongera kwa kueleza vizuri. Naongeza upande wa mahakama, kwa sababu picha si giza tupu.

Sheria nyingi zilizotokana na mapokeo ya Kiingereza zina kanuni ya zamani ya mahakama za usawa, yaani zilizotazama haki kuliko maandishi matupu: mtu aliyeweka mali yake dhamana ya deni hapokonywi kirahisi, anapewa nafasi ya kuikomboa. Swali ambalo limewagawa majaji ni kama mnunuzi wa awamu anaweza kujificha chini ya kivuli hicho, maana kwa karatasi yeye hana mali aliyoiweka dhamana. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya jimbo la Indiana, Marekani, katika shauri la Skendzel dhidi ya Marshall, ilikutana na wanunuzi waliokwisha kulipa dola 21,000 kati ya 36,000. Muuzaji alitaka mkataba ukome na abaki na vyote viwili, nyumba na fedha. Mahakama ikakataa. Ikasema mkataba wa aina hii kwa kiini chake ni rehani, basi muuzaji afuate njia ya rehani: nyumba iuzwe kwa usimamizi, achukue anachodai, ziada irudi kwa mnunuzi. Lakini ikaacha mlango: mnunuzi aliyelipa kiasi kidogo tu, au aliyeitelekeza nyumba, anaweza kupoteza.

Mabunge nayo yameingilia. Texas ina kizingiti kinachohesabika: mnunuzi akiwa amelipa asilimia 40 ya deni, au sawa na malipo ya miezi 48, au mkataba ukiwa umesajiliwa hata kama amelipa kidogo, muuzaji hawezi kuuvunja tu na kumfukuza, inabidi nyumba iuzwe kwa utaratibu. Afrika Kusini ina sheria ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa ardhi kwa awamu. Muuzaji hawezi kuvunja mkataba kabla ya kumpa mnunuzi notisi ya maandishi ya siku 30 arekebishe kosa. Mkataba unatakiwa kuandikwa kwenye daftari la hati. Na mnunuzi akishalipa nusu ya bei ana haki ya kudai hati ihamie kwake, mradi aweke rehani kwa salio.

Angalia neno linalojirudia: kusajili. Hata haki nzuri namna gani inakuwa dhaifu kama mkataba umelala kabatini.

#5 Mlipa Awamu

Wakili, hapo kwenye miezi 48 nimesimama. Mimi nilikuwa nimelipa 50. Kwingine duniani ningekuwa na neno la kusema kwa muuzaji.

#6 Wakili Msomaji

Kwa muuzaji, ndiyo. Kwa benki iliyotangulia kusajili rehani yake, hapana, au kwa shida sana. Hizo ni hatari mbili tofauti na watu huzichanganya. Kizingiti cha asilimia kinakulinda dhidi ya ukali wa muuzaji. Hakikulindi dhidi ya mtu aliyetangulia mbele yako kwenye daftari. Wewe uliangushwa na hii ya pili.

#7 Nanga ya Chuma

Wakuu, ngoja nisemee upande wa pili, kwa sababu uzi huu unamfanya kila muuzaji aonekane chui. Mimi niliuza kwa awamu. Mnunuzi akalipa miezi saba, akaacha. Kumtoa kulichukua karibu miaka miwili ya kesi. Alibomoa ukuta wa ndani, akaanza ujenzi asiomaliza, mafundi aliowakopa wakaja kunidai mimi kwa kuwa jina langu ndilo lililo kwenye hati. Kodi ya jengo haikulipwa, ikaandikwa kwangu. Bima niliiacha iishe nikijua yeye amekata yake, hakukata. Nilichojifunza ni kwamba kubaki na hati si kinga kama nilivyodhani. Kuliliacha jina langu kwenye kila deni la nyumba ambayo sikuruhusiwa hata kuingia.

#8 Wakili Msomaji

Mkuu Nanga, umesema jambo ambalo wauzaji husikia kwa kuchelewa. Kuna na hili: mahakama ikiuona mkataba wako kuwa rehani iliyovaa nguo nyingine, kifungu cha "atatoka ndani ya siku saba" kinakuwa maandishi tu. Unaingia kwenye utaratibu mrefu ambao hukuuandaa. Ndiyo maana muuzaji anayehamisha hati mapema na kusajili rehani yake ya kwanza juu ya nyumba mara nyingi yuko salama kuliko anayeng'ang'ania hati. Anajua njia yake ni ipi, na madeni mapya ya nyumba hayaji kwa jina lake.

Na wauzaji msisahau kwamba mkikopesha, mnaweza kuingia kwenye sheria za wakopeshaji. Marekani, baada ya sheria kubwa ya fedha ya mwaka 2010, muuzaji wa nyumba ya makazi anaweza kuhesabiwa kuwa ni mtoa mikopo, mwenye wajibu wa kupima kama mnunuzi anaweza kulipa. Kuna nafuu kwa mtu binafsi anayeuza nyumba moja ndani ya miezi 12, na nyingine kwa anayeuza zisizozidi tatu, zote zikiwa na masharti juu ya riba na namna deni linavyopungua. Aliyejenga nyumba hiyo kama mkandarasi katika shughuli zake za kawaida haimhusu nafuu hiyo. Nchi nyingine zina ukomo wa riba au leseni za kukopesha. Anayeuza nyumba ya pili na ya tatu kwa mtindo huu aulize kabla.

#9 Kitwana

Mimi nilipewa hati ya uwakili na muuzaji, imesainiwa na kupigwa muhuri, kwamba naweza kuhamisha nyumba kwa jina langu nikimaliza kulipa. Kwa hiyo hata akifa niko salama, sivyo?

#10 Wakili Msomaji

Ndugu Kitwana, pole, kwa kawaida sivyo. Uwakili wa kawaida hufa pamoja na aliyeutoa. Siku anapozikwa, unayemtegemea ni msimamizi wa mirathi, na karatasi yako ni kumbukumbu tu. Baadhi ya sheria zinatambua uwakili usiofutika uliotolewa kulinda maslahi ya anayepewa, lakini lazima uandikwe hivyo kwa ufundi, na si kila mahali utakubaliwa. Usijenge juu yake peke yake. Mkataba wenyewe useme unawafunga warithi na wasimamizi wa mirathi, na usajiliwe.

#11 Kitwana

Dah. Mzee ana miaka 74. Natafuta wakili wiki hii.

#12 Bi Rehema

Naomba kuongeza la mwenzi. Kaka yangu alinunua kwa mume peke yake. Mkataba, mashahidi, kila kitu. Mwaka wa tatu mke akaibuka na kusema ile ni nyumba ya ndoa, hakuridhia, saini yake haipo. Hakuwa mwongo, watoto wake walikulia pale. Kesi ilichukua muda mpaka kaka akachoka akakubali kurudishiwa fedha bila nyongeza yoyote, wakati bei za nyumba zilikuwa zimepanda. Alichorudishiwa hakikuweza kununua hata nusu ya nyumba ile.

#13 Mlipa Awamu

Bi Rehema, umenigusa. Watu huhesabu hatari ya kupoteza fedha waliyotoa. Mara chache huhesabu kwamba hata ukirudishiwa yote, umepoteza miaka ambayo ungenunua kwingine. Mimi nilipaka rangi, nikachimba kisima, nikaweka sakafu mpya. Mahakama ilinipa malipo yangu kwenye hukumu, lakini kwa matengenezo nikaambiwa nilete ushahidi wa kila kitu, na risiti za saruji sikuwa nazo. Nani huweka risiti ya saruji kwa miaka minne? Sasa nawaambia wekeni. Na mwenzi wa muuzaji, ikiwa ana mwenzi, asaini mkataba, hata kama jina lake haliko kwenye hati.

#14 Salum wa Bara

Kwa sisi tunaokwepa riba, muuzaji wangu amesema hatatoza riba, ila bei ya awamu ni kubwa kuliko bei ya taslimu. Hapo kuna tatizo la kisheria?

#15 Mlipa Awamu

Ndugu Salum, upande wa dini wanazuoni wengi wanaruhusu bei ya kulipwa baadaye kuzidi ya taslimu, mradi bei moja ikubaliwe na kufungwa siku ya mkataba, isiongezeke ukichelewa. Waulize unaowaamini. Upande wa sheria za nchi, wakaguzi na mahakama wanaweza kuitazama tofauti ya bei hizo mbili na kuiita riba, hata kama neno hilo halimo, na wakaipima kwa ukomo wa riba au kwa kodi. Kwa hiyo msiandike mikataba miwili, mmoja wa kweli na mwingine wa kuonyesha. Huo wa kuonyesha ndio utakaosomwa siku mkigombana.

Wewe kama mnunuzi, swali lako liwe hili: nikipata fedha mwaka wa tatu nikataka kumaliza, je nalipa bei yote ya miaka kumi au kuna punguzo? Mkataba usiposema, jibu atalitoa muuzaji.

#16 Chausiku

Mimi wangu una kitu cha ajabu: nalipa kidogo kila mwezi kwa miaka mitano, halafu mwezi wa 60 natakiwa kutoa salio lote kwa mkupuo. Muuzaji anasema wakati huo benki itanikopesha bila shida kwa kuwa nitakuwa na historia ya kulipa.

#17 Wakili Msomaji

Dada Chausiku, muulize benki gani imeahidi hivyo, kwa maandishi. Hakuna. Deni la mkupuo ni ahadi ya kupata mkopo kutoka kwa mtu ambaye hujaonana naye, miaka mitano kabla, bila kujua riba itakuwaje wala kazi yako itakuwaje. Na benki ikifika siku hiyo itataka kuona mambo mawili: kwamba ulilipa kweli, na kwamba una haki inayotambulika juu ya nyumba. Kama ulimpa muuzaji fedha mkononi na mkataba haukusajiliwa, huna hata kimoja. Lipa kupitia akaunti, kila mwezi. Na omba kifungu kinachokupa muda wa nyongeza, mathalani miezi 12 kwa masharti yaleyale, endapo mkopo utachelewa. Muuzaji mwenye nia njema hatakosa cha kujadili hapo.

#18 Mlipa Awamu

Naomba nirudi kwenye rehani ya benki, kwa sababu kuna waliokuja inbox kuniambia, "Wangu ana mkopo lakini amenionyesha, kwa hiyo ni wazi." Kuonyeshwa si ruhusa.

Mikataba mingi ya rehani ina kifungu kinachosema mkopaji akiuza au kuhamisha maslahi yake kwenye nyumba bila idhini, benki inaweza kudai deni lote mara moja. Marekani waliwahi kugombana sana kama vifungu hivyo ni halali, mpaka sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 ikavipa nguvu nchi nzima. Iliacha hali maalumu chache kwa nyumba za makazi, kama mwenzi au mtoto kuwa mmiliki, au ndugu kupokea nyumba baada ya kifo, au upangishaji wa miaka isiyozidi mitatu usio na haki ya kununua ndani yake. Soma hiyo ya mwisho tena. Kupanga kwenye mkataba wenye haki ya kununua hakumo kwenye nafuu, na kuuziwa kwa awamu hakumo. Kwa hiyo wewe na muuzaji mnaweza kuwa mnalipa vizuri wote wawili, na bado mkataba wenu ukawa ndio kosa linaloipa benki haki ya kudai deni lote.

Wapo wanaofanya siri. Wanaambiana "benki ikilipwa haiulizi". Pengine kweli haitauliza kwa miaka. Lakini bima ikibadilishwa jina inauliza. Nyumba ikiungua inauliza. Riba ikipanda sokoni na mkopo wa zamani ukawa wa riba ndogo, ina sababu nzuri ya kuuliza.

Kama kuna mkopo, njia ninayoweza kumshauri mdogo wangu ni hii tu: benki iandike barua ya kuridhia, iseme salio ni kiasi gani, na malipo yangu yaende moja kwa moja benki kwenye akaunti ya mkopo huo, au kwa mtu wa kati anayeaminika anayelipa benki kwanza, kinachobaki ndipo kiende kwa muuzaji. Na mkataba useme nikigundua hajalipa, naweza kulipa mimi na kukata kwenye deni lake. Mstari huo mmoja ungeokoa nyumba yangu. Nilikuwa na uwezo wa kulipa ile miezi aliyoiruka. Hakuna aliyenijulisha kwamba imeruka.

#19 Nanga ya Chuma

Hapo kwenye mtu wa kati nakuunga mkono hata mimi muuzaji. Hati ya uhamisho iliyosainiwa inaweza kukaa kwake pia, na maelekezo ya maandishi: akimaliza kulipa mpe, asipomaliza kwa utaratibu fulani nirudishie. Sote wawili tungelala.

#20 Wakili Msomaji

Sawa, ila mtu wa kati awe na leseni ya kushika fedha za watu au awe wakili mwenye akaunti ya wateja. Asiwe shemeji wa muuzaji. Na hati iliyosainiwa ikikaa kwa mtu wa kati bila mkataba kusajiliwa, muuzaji bado anaweza kukopea nyumba hiyo kesho. Fanyeni vyote.

Jambo lingine dogo lenye uzito: makubaliano ya mdomo. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1989, mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, wenye masharti yote waliyokubaliana, na saini za pande zote mbili. Vinginevyo si mkataba. Nchi nyingi zina sharti linalofanana. Kwa hiyo zile "usijali, ukichelewa wiki mbili tutaelewana" za sebuleni hazipo. Kama mmeelewana, iandikwe, isainiwe, iambatishwe.

#21 Hawa M.

Wakuu nimerudi. Leo nimekwenda kwa msajili.

Mama yule hana mkopo, alisema kweli. Lakini jina kwenye hati si lake. Ni la marehemu mume wake, aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Mirathi haijafunguliwa. Nimempigia, akashangaa kwamba ni tatizo, akasema, "Mwanangu, nyumba ni yangu, nimemzikia mume wangu hapa." Nimemwamini na nimemhurumia. Wana watoto wanne, wawili sijawahi kuwaona.

Nimemwambia Ijumaa siji.

#22 Wakili Msomaji

Umefanya vema dada. Bado hana cha kukuuzia. Afungue mirathi, msimamizi ateuliwe na mahakama, warithi waridhie kwa maandishi, ndipo mkae mezani. Inaweza kuchukua miezi. Usitoe kianzio "cha kushikilia" kabla ya hapo, na kama umeshatoa chochote tuambie.

#23 Hawa M.

Nilitoa. Asilimia tano, mwezi uliopita. Nina ujumbe wa muamala na sauti yake akishukuru.

#24 Mlipa Awamu

Dada Hawa, usifute chochote kwenye simu hiyo. Leo hii muombe akusainie karatasi moja: amepokea kiasi gani, tarehe gani, kwa ajili ya nini, na kwamba atakirudisha yote endapo mirathi haitakamilika kufikia tarehe mtakayokubaliana. Mtoto wake mmojawapo asaini kama shahidi, afadhali mmoja wa wale wawili ambao hujawaona. Ukishaipata niandikie hapa, nitakuelekeza kwa maneno niliyotumia mimi kwenye hati ya madai.